Mkono wa Baba Baada ya Aibu

Ndugu zetu wapendwa, wiki hii tafakari yetu inaanzia kwenye shuka jeupe. Tulilitundika ukutani mwa ukumbi wa parokia Jumapili jioni, baada ya Rozari, tukaonyesha juu yake filamu kwa ajili ya wazazi na watoto wao. Sharti letu lilikuwa moja tu: mzazi asije bila mtoto, wala mtoto asije bila mzazi, na asiye na mzazi aje na yule aliyemlea. Umeme ulikatika mara moja, jenereta ikagoma, kisha ikakubali. Nje ya ukumbi, chini ya mwembe, baiskeli zilikuwa zimeegemezwa moja juu ya nyingine, nyingi mno kuhesabika. Tunataja baiskeli hizo kwa sababu ndizo zitakazotufikisha kwenye jambo tunalotaka kusema.

Wapo waliotuuliza, wengine kwa heshima na wengine bila heshima sana, kama ukumbi wa Kanisa ni mahali pa sinema. Tunawajibu kwa upole. Papa Pius XI aliandika waraka mzima juu ya filamu, uitwao Vigilanti Cura, mwaka 1936. Alionya juu ya madhara yake, lakini alikiri pia uwezo wake wa kufundisha mema. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zinazostahili kukumbukwa, na hii tuliyoitazama Jumapili ni mojawapo. Kwa sisi wa Tabora, jambo lenyewe si geni kama tunavyodhani. Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, aliyesoma katika shule ya serikali hapa Tabora na baadaye kuwa Waziri Mkuu wa nchi yetu, aliwahi kuwa mwigizaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliigiza katika Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili juu ya mtu wa shamba aingiaye Dar es Salaam na kutapeliwa. Bila shaka wengi waliomcheka mshamba yule walikuwa wakijicheka wenyewe, na pengine hiyo ndiyo faida kubwa ya filamu: humwezesha mtu kujitazama bila kunyooshewa kidole.

Filamu yetu iliitwa Wezi wa Baiskeli. Ilitengenezwa nchini Italia mwaka 1948 na Vittorio De Sica, siku zile Roma ilipokuwa imechoshwa na vita na wanaume wakikesha wakitafuta kazi. Mhusika mkuu, Antonio, anapata kazi ya kubandika matangazo kutani, lakini sharti awe na baiskeli, na ya kwake iko rehani. Mke wake anavua shuka za kitanda, anazipeleka rehani ili ile baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza ya kazi, baiskeli inaibwa. Kuanzia hapo baba na mwanawe mdogo, Bruno, wanazunguka mji mzima kuitafuta. Aliyeigiza kama baba hakuwa mwigizaji kwa kazi yake. Alikuwa kibarua wa kiwandani.

Kwa kuwa wahusika wanazungumza Kiitaliano, lugha tuliyoionja kidogo wakati wa masomo, tulishika kipaza sauti tukawa tunatafsiri papo kwa papo, kama wafanyavyo vijana katika mabanda ya video. Ukumbi uliishi pamoja na filamu. Shuka zilipopelekwa rehani, akina mama waliguna kwa pamoja. Baiskeli ilipoibwa, watu walipiga kelele, "Mwizi! Mkamate!", na mzee mmoja aliinuka akatoka nje, akarudi baadaye kidogo akiwa ametulia. Tulielewa alikokwenda. Mtu apakiaye mkaa kutoka msituni kwa baiskeli haambiwi maana ya kuipoteza.

Kisha ukafika mwisho. Baba amekata tamaa. Anaona baiskeli imeegemezwa mlangoni, haina mtu. Anampa mwanawe nauli, anamwambia atangulie kwa tramu, kwa maana hataki mtoto aone kitakachofuata. Lakini mtoto anaikosa tramu. Anageuka, na anamwona baba yake akikimbizwa na kundi la watu, akikamatwa, akizabwa kibao, kofia yake ikianguka chini. Bruno anaiokota kofia, anaipangusa vumbi. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto yule, anaamua kumwachilia baba. Wanaondoka wawili hao katikati ya umati. Baba anaanza kulia. Na mtoto, bila kusema neno, anautia mkono wake katika mkono wa baba.

Hapo tulinyamaza. Hakukuwa na maneno ya kutafsiri, lakini hata yangekuwapo tusingeweza kuyasema. Sauti moja kutoka nyuma ikauliza, "Baba Paroko, mbona umekaa kimya?" Mwingine akamjibu, "Mwache. Tunaona wenyewe."

Ndugu wapendwa, tunawiwa kuwaeleza sababu ya ukimya ule.

Baba yetu mzazi alikuwa mrina asali. Kila msimu aliingia katika misitu ya miombo kusini mwa Tabora, akapandisha na kushusha mizinga ya magome, akakamua asali, akaileta mjini juu ya baiskeli, madebe mawili nyuma na mfuko wa nta mbele. Tulipokuwa na umri wa miaka 13 tulipata nafasi ya kuingia seminari ndogo. Barua ilikuja na orodha: ada, sanduku la bati, blanketi, shuka mbili. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekuja vibaya na nyuki hawakuweka asali. Baba alitazama orodha ile siku tatu. Siku ya nne alikwenda nyuma ya nyumba, akachemsha sukari guru kwa maji, na tukamwona akiichanganya katika debe moja. Alijua kwamba tuko ndani tumelala. Hakujua kwamba ukuta wa jiko una tundu.

Kesho yake tulimsindikiza sokoni. Mnunuzi aliingiza kijiti katika debe la kwanza, akakiinua, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaingiza katika debe la pili, akakiinua, akatazama jinsi inavyotiririka, akaonja kwa ncha ya ulimi. Kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na soko zima, "Mzee, hii umeikamua kwenye mzinga au kwenye sufuria?" Watu walicheka. Wengine walisogea. Mmoja alisema mtu kama huyu apelekwe kwa mwenyekiti. Baba hakujibu lolote. Alifunika madebe yake, na katika kuinama kuyafunga kamba aligeuka kututafuta kwa macho.

Sisi tulikuwa tumehama. Tulikuwa tumesimama mbele ya duka la khanga, hatua 20 kutoka pale, tumempa mgongo, tukisoma maandishi ya khanga moja baada ya nyingine kama mtu aliyetumwa kununua.

Tulirudi nyumbani yeye mbele akisukuma baiskeli, sisi nyuma, mbali kiasi kwamba mpita njia asingedhani tuko pamoja. Hatukuzungumza. Wiki iliyofuata baiskeli haikuwapo tena barazani. Ada ililipwa, na shuka mbili zilinunuliwa. Tangu siku hiyo baba alibeba asali kwa kichwa.

Tumekuwa padri kwa miaka mingi. Tumehubiri mara nyingi juu ya mizani ya haki. Tumewapa wengi maondoleo ya dhambi kubwa kuliko debe moja la asali. Lakini na baba yetu hatukuwahi kuitaja siku ile, na tulikuwa tukijiambia kwamba tunanyamaza ili kumstahi. Jumapili usiku, mbele ya shuka lile jeupe, mtoto wa Roma mwenye umri mdogo kuliko tuliokuwa nao sisi alitufundisha kwamba hatukumstahi baba. Tulijistahi wenyewe. Bruno alikuwa katika soko lile lile, akasikia kicheko kile kile, lakini yeye alivuka zile hatua 20.

Jumatatu asubuhi tuliwasha gari kwenda kijijini, ambako baba anaishi na dada yetu. Tukiri kwamba hatukwenda moja kwa moja. Tulipinda kwanza kwenda Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kwenye lile tembe lililogeuzwa makumbusho ya David Livingstone. Tulijiambia kwamba tunataka kutuliza akili. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunaogopa.

Wengi mnalifahamu tembe lile, na mnajua kwamba njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita huku kwetu. Njia ile ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na miongoni mwao watoto ambao hawakuwaona tena wazazi wao. Ilipitisha pia wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, wazee wetu, walioacha familia miezi mingi na kurudi wageni kwa watoto wao. Tabora imejengwa juu ya njia ya kuachana. Tunapolalamika leo kwamba vijana wamekimbilia Dar es Salaam na hawapigi simu, tukumbuke kwamba jeraha hilo ni la zamani.

Katika tembe lile kuna habari ambayo haisimuliwi sana. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta Livingstone huko Ujiji, na mwanzoni mwa mwaka 1872 wakaja wote wawili Kwihara. Mkutano wao ulitengenezewa filamu Marekani mwaka 1939, Stanley akiigizwa na Spencer Tracy. Stanley huyo alizaliwa Wales kwa jina la John Rowlands, hakulelewa na baba, mama yake alimwacha, akakulia katika nyumba ya kulelea maskini. Mtu asiye na baba alitembea kutoka pwani hadi ziwani, akampata mzee ambaye alimpenda kama baba. Machi 1872 Stanley aliondoka kwenda pwani, na Livingstone akabaki Kwihara akisubiri wapagazi na mahitaji.

Miezi ile ile, Oswell Livingstone, mwana wa damu wa mzee yule, alikuwa amefika Afrika Mashariki pamoja na msafara uliotumwa kutoka Uingereza kumtafuta baba yake. Alikuwa kijana wa miaka 20. Aliposikia kwamba Stanley amekwisha kumpata mzee na kumpa msaada, msafara ulivunjika, naye akaamua kurudi kwao. Baba alikuwa Kwihara, mwana alikuwa pwani, na kati yao ilikuwapo njia iliyokanyagwa na maelfu. Hawakuonana. Livingstone aliondoka Kwihara Agosti 1872, akafariki mwaka uliofuata katika nchi iitwayo leo Zambia. Waliompokea mikononi mwao, wakaubeba mwili wake kupitia Tabora hadi Bagamoyo, walikuwa Chuma na Susi na wenzao.

Hatumhukumu kijana yule. Baba yake alitumia sehemu kubwa ya utoto wa wanawe akiwa mbali nao, na safari ile ilikuwa imeua watu wengi wenye nguvu kuliko yeye. Lakini tulipokuwa tumesimama uani mwa tembe lile, funguo za gari mkononi, tulijua sisi ni nani katika habari ile. Tuliishia pwani. Wapo wasemao kwamba jina la Bagamoyo linatokana na kubwaga moyo. Basi sisi tulikuwa tumeubwaga wetu mbele ya duka la khanga, na hatukurudi kuuchukua.

Tulimkuta baba ameketi chini ya mwembe, juu ya kigoda. Macho yake siku hizi hayaoni isipokuwa mwanga. "Mwangaluka, Baba," tulimwamkia. Akaitambua sauti. "Padri," akasema, kwa maana tangu tulipopewa daraja hajatuita kwa jina jingine, "leo si Jumapili. Nani amekufa?"

Tulimwambia hakuna aliyekufa. Tukaketi chini karibu na kigoda. Tukamsimulia filamu kwanza, baiskeli, shuka, mtoto, kofia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama yule baba aliipata baiskeli yake. Tukamwambia hakuipata. Akasema, "Ndivyo ilivyo."

Tukasema, "Baba, unaikumbuka siku ile ya asali?"

"Siku ipi? Nimebeba asali zaidi ya miaka 40."

Hatukujibu. Naye akanyamaza muda mrefu. Kuku walipita. Ndipo akasema polepole, "Nilidhani hukuona. Ulikuwa kwenye khanga. Nilimshukuru Mungu kwamba mtoto yuko kwenye khanga, hajaona."

Ndugu zetu, hatukuwa tumejiandaa kwa jibu hilo. Miaka yote ile tulidhani tunaficha aibu yake, kumbe yeye alikuwa na faraja ndogo moja, kwamba mwanawe hakushuhudia, na sasa tulikuwa tumekuja kumnyang'anya. Tulitaka kuomba radhi kwa mambo mawili kwa mpigo, maneno yakagongana. Tukasema tu, "Tuliona, Baba. Na tuliona usiku uliotangulia pia. Tukakukimbia."

Akainamisha kichwa. Kisha akanyoosha mkono, si kwetu hasa, kwa maana hakujua tumekaa upande gani, aliunyoosha tu hewani kama mtu atafutaye ukuta. Tukaushika. Akasema, "Basi ni afadhali. Nilikuwa nimechoka kukaa nayo peke yangu, mwanangu."

Hakutuita Padri.

Wapendwa, tusingependa mwondoke hapa mkidhani kwamba kila mzazi ana mkono wa kushikwa. Mwezi uliopita tulionyesha filamu nyingine, ya hapa kwetu, iitwayo T-Junction, ya Amil Shivji, iliyofungua tamasha la filamu la Zanzibar mwaka 2017. Humo yumo msichana, Fatima, aliyefiwa na baba ambaye hakuwa karibu naye, na machozi hayaji. Hospitalini anakutana na mwanamke mgonjwa, Maria, ambaye siku kwa siku anamsimulia maisha ya watu wa njia panda aliokuwa akiishi nao, maskini waliofanyana ndugu. Mgeni yule ndiye anayemfungulia Fatima mlango wa majonzi yake. Filamu ile haimlaumu binti kwa macho yake makavu, nasi tusiwalaumu walio kama yeye. Baada ya onyesho hilo binti mmoja alitufuata na kusema, "Padri, mimi pia sikulia." Hatukumpa fundisho lolote. Mama mmoja wa kwaya aliyesikia alikaa naye kwenye benchi mpaka ukumbi ukafungwa. Chuma na Susi hawakuwa wana wa Livingstone, lakini wao ndio waliombeba. Mungu hutupatia ndugu hata njiani.

Lakini kwa wale ambao mzazi wao yu hai na njia bado ipo, tunasema hivi. Amri ya kuwaheshimu baba na mama ni rahisi wanapokuwa na nguvu na sifa. Uzito wake huonekana siku mtoto anapomwona mzazi ameanguka. Na ninyi wazazi, msidhani kwamba watoto hawaoni. Ukuta wa jiko una tundu. Mtoto wako anajua ulipokopa, ulipodanganya, ulipolia usiku. Hakuombi uwe malaika. Anangoja umpe nafasi ya kukushika mkono.

Ndiyo maana tutaendelea na shuka letu jeupe. Mzazi na mtoto wakikaa uso kwa uso, mara nyingi kinachofuata ni kesi. Wakikaa bega kwa bega wakitazama shida ya mtu mwingine, mmoja huweza kusema "yule baba" akimaanisha baba yake. Jumapili ile, tulipokuwa tukikunja nyaya, tulimsikia kijana wa kidato cha pili akimwambia baba yake, mchoma mkaa, "Yule mtoto alijua tangu asubuhi kwamba baba yake anaogopa." Mzee yule alisimama kidogo. Kisha akamwambia, "Panda nyuma, twende." Tuliwaona wakiondoka gizani, baiskeli moja, watu wawili.

Tuliomba ruhusa ya baba yetu kabla ya kuandika haya. Alicheka, kicheko ambacho hatukukisikia kwa muda mrefu, akasema tuandike, ila tusisahau kueleza kwamba lile debe la kwanza lilikuwa asali safi.

Tunawatakia wiki yenye baraka. Kama una safari uliyoiahirisha ya kwenda kwa mzazi, usiishie pwani.

Tumsifu Yesu Kristo!